Lubumbashi kwa watu wawili: mapenzi hayapimwi kwa dola

Kila Februari 14 inapokaribia, na tena wakati wa likizo ya Julai na Agosti, simu za vijana wetu hujaa picha za namna moja: meza yenye maua, kuku wa kuchoma, chupa ndefu, kitanda cha hoteli chenye shuka nyeupe. Nyingi hupigwa Lubumbashi, ambako wachumba na wenye ndoa changa kutoka Likasi, Kolwezi, Kamina, Kalemie na mbali zaidi hupenda kwenda kupumzika siku mbili au tatu. Picha hizo zinapendeza. Lakini hazionyeshi nani alikopa ili meza ile ilipwe, wala hazisemi kama wale wawili, simu zilipowekwa chini, walikuwa na la kuzungumza.

Nasema wazi: tumezoeshwa vibaya. Tumefanya matembezi ya wapendanao kuwa mtihani wa mfuko wa mwanaume, na mji mkubwa kuwa mahali pa kufanyia mtihani huo. Lubumbashi ina mengi ya kuwapa watu wawili wanaotaka kujuana, na sehemu kubwa ya hayo haidai dola mia. Inadai muda, miguu na mazungumzo.

Jambo hili ni kali zaidi huku Katanga kuliko sehemu nyingine nyingi, kwa sababu hii ni nchi ya shaba na kobalti. Kijana anayechimba kwa mikono anaweza kupata makuta mengi wiki moja na kukosa kabisa wiki inayofuata. Pesa inayokuja ghafla hupenda kuonekana, na mahali pa kwanza inapoonekana ni mezani, mbele ya msichana. Mwalimu au muuguzi ambaye mshahara wake huchelewa anajikuta akishindana naye. Hapo deni huanza. Siku ya mahari inapofika, na baada yake ndoa ya kimila, ya serikali na ya kanisani, deni la matembezi bado linamsubiri mlangoni.

Basi, ninyi wawili mnaopanga safari, nawapa ushauri wangu. Mkifika, msikimbilie resto. Anzeni asubuhi, na muanzie Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Najua wengi watacheka: nani anampeleka mchumba wake kutazama vitu vya kale? Lakini humo mtakutana na misalaba ya shaba ya mababu zetu. Si misalaba ya kanisa. Ni vipande vya shaba vilivyoyeyushwa na kumiminwa katika umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Wachunguzi wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na wanaona kwamba kadiri miaka ilivyopita ilitengenezwa midogo zaidi na ya kufanana, kama pesa inavyopaswa kuwa. Ilitumika katika biashara, na ilitumika pia kulipa mahari. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera yake.

Simameni mbele ya shaba hiyo na muulizane: kwa ukoo wako, mahari inamaanisha nini? Ni shukrani, ni bei, au ni heshima? Ukoo wako utataka nini, na wangu utaweza nini? Wachumba wengi wanafika siku ya kupeleka mahari bila kuwahi kuulizana swali hilo, na siku hiyo wajomba ndio huzungumza kwa niaba yao. Nusu saa ndani ya makumbusho inaweza kuwaondolea mwaka mzima wa ugomvi.

Mkitoka, tembeeni katikati ya mji kwa miguu. Mji huu ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wao, na ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Barabara zake za katikati zimenyooka, zenye miti, na ni rahisi kuzitembea kuliko za Kinshasa. Mkija Septemba au Oktoba, mtakuta jakaranda zimechanua na maua ya zambarau yamefunika njia. Piteni kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, piteni kwenye jengo la 30 Juin. Tazameni pia bomba kubwa la Gécamines na ule mlima mweusi wa mabaki ya madini, ambao wakaaji wanauita terril. Mlima huo umejengwa na jasho la watu. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika makambi yao. Huenda babu wa mmoja wenu alifika hapa kwa treni bila kujua lugha ya jirani yake, akaoa huyo huyo jirani. Mpenzi anayesimuliwa hadithi ya ukoo wa mwenzake anapata zawadi kubwa kuliko maua ya plastiki.

Kwa zawadi yenyewe, Katanga ina malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka kwenye ardhi yenye shaba. Mafundi wa hapa hulichonga kuwa mikufu, bangili, pete na visanduku vidogo. Kipande kidogo hakimalizi mfuko, na kina maana kuliko saa bandia yenye jina la Ulaya. Zungumzeni na fundi, muulizeni anavyolikata na kuling'arisha. Pataneni bei kwa adabu, na mkilipa, mwacheni naye apate faida.

Wanaopenda picha za rangi wajue kwamba wamefika nyumbani kwake. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar, na humo wakatokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na mchoro wa Mamba Muntu ukutani: mwanamke mzuri, nusu mtu, nusu samaki. Wazee husimulia kwamba anayempata humpa mwanaume utajiri, lakini kwa masharti mazito, na anayevunja masharti hupoteza vyote. Wazee wetu walijua tayari kuwa pesa na mapenzi vikifungwa kamba moja, kuna mtu atakayezama. Leo kazi ya sanaa inaendelea: Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa mwaka 1978, ni mmoja wa waanzilishi wa Picha, ambayo tangu 2008 inaandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini. Ulizeni pia ratiba ya Halle de l'Étoile kabla ya kusafiri. Tamasha la jioni moja linaweza kuwa bora kuliko sinema kumi za kwenye simu.

Jumapili mchana kuna mambo mawili mazuri. La kwanza ni bustani ya wanyama, ambako familia huenda na watoto. Utamjua mchumba wako zaidi ukimwona anavyosema na mtoto wa mtu mwingine anayelia kuliko akikuandikia ujumbe mia wa mapenzi. La pili, kama kuna mechi, ni uwanja wa TP Mazembe katika komini ya Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011. Wanaume, msiwaache wake zenu hotelini eti mpira si wao. Timu ya wanawake ya Mazembe ndiyo iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, na ile ya wanaume imelitwaa kombe la upande wake mara tano. Kupiga kelele pamoja kwa timu moja kunafungua moyo.

Na chakula? Kuleni, tena vizuri, lakini kuleni cha hapa. Bukari ya moto, samaki, sombe, na michopo ya mbuzi inayonukia kutoka mbali jioni. Mkija mvua zinapoanza, tafuteni uyoga na vinkubala. Bukari huliwa kwa mkono kutoka sahani moja, na watu wawili wanaokula sahani moja hawawezi kutazama simu kwa muda mrefu, maana vidole vina mchuzi. Kwa muziki, sikilizeni gitaa la zamani la Katanga, la Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa mwaka 1952 na kusikika hadi nje ya Afrika. Mkisikilizia kwenye simu moja, mkiwa mmekaa karibu, hamhitaji ukumbi wa kulipia.

Wapo watakaonipinga, na nawaheshimu. Dada mmoja atasema: “Mwanaume asiyetoa hana mpango na mimi.” Hasemi hivyo kwa tamaa tu. Wasichana wetu wengi wamepewa ahadi za mdomo, kisha wakaachwa na mimba. Wanatafuta alama ya kuonyesha kwamba mtu huyu ana nia, na kutoa pesa ni alama inayoonekana. Naielewa hofu hiyo. Ila alama hiyo inadanganya, kwa sababu mwenye mchezo ndiye anayetoa haraka zaidi. Nia huonekana penginepo: je, anakutambulisha kwa dada zake? Je, anakuambia mshahara wake halisi? Je, anamsemaje mhudumu aliyechelewesha kinywaji? Je, motar akikosea njia, anatukana au anacheka?

Na kuna jambo zito zaidi ambalo hatulisemi hadharani. Wapo wanaume wanaohesabu meza, usafiri na hoteli, kisha usiku wanadai kulipwa kwa mwili. Chakula cha jioni si mkopo, na msichana aliyekubali kusafiri hajakubali kila kitu. Akisema hapana, ni hapana, hata kama umelipa kila franka. Ndiyo sababu nashauri kila dada awe na pesa yake ya kurudi nyumbani, aiweke kwenye simu yake mwenyewe, na amwambie mtu wa familia mahali anapolala. Mwanaume mwema hataudhika na tahadhari hiyo. Akiudhika, amekupa jibu.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari, kaeni chini na muandike hesabu pamoja: usafiri, kulala, chakula, matembezi, matabishi, na akiba ya dharura. Kila mmoja atoe anachoweza. Kutoka Likasi ni kilometa kama 120, kutoka Kolwezi kama 300. Hesabu hiyo haishindi watu wawili walioweka akiba miezi michache. Msitembee usiku mkubwa katika njia msizozijua, na mrudi na mtu wa teksi mnayemwamini. Bebeni vitambulisho. Msipige picha majengo ya serikali wala askari, na muombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Najua pia kwamba kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu maneno haya yanaweza kuonekana ya watu walioshiba. Tangu vita ilipoingia katika miji hiyo mwanzoni mwa 2025 na viwanja vya ndege kufungwa, kuna wachumba waliotenganishwa na mstari wa mapigano, mmoja huku, mwingine kule. Hao hawaombi hoteli wala maua. Wanaomba saa moja ya kukaa pamoja. Wao wanatukumbusha thamani ya kitu ambacho sisi tunakibadilisha kwa picha.

Wakuu wa mji na wa jimbo nao wana kazi. Mji unaopokea wageni unahitaji viti chini ya miti, taa zinazowaka jioni, vyoo vya watu wote vilivyo safi, na makumbusho yenye pesa ya kutunza vitu vyake. Mahali ambapo watu wawili wanaweza kukaa bila kununua kitu ni huduma ya umma kama barabara. Tukiacha baa na hoteli peke yake ziwe mahali pa kukutana, tusishangae vijana wakijifunza kwamba mapenzi huanza pale bili inapoletwa.

Nendeni Lubumbashi, basi, wawili wawili. Rudini na kipande cha malakiti, vumbi kwenye viatu, na jibu la swali moja mlilokuwa mnaogopa kuulizana. Na mkirudi bila deni, harusi yenu imeshapata mchango wake wa kwanza.