Krimu si karanga, jamani!

Wadau, kila nikienda Mwamkulu, hapa Mpanda, wakati wa kuvuna mpunga, narudi mjini najikuna kama niliyemwagiwa upupu. Vumbi la makapi ya mpunga halina utani! Mwaka jana nilikimbilia duka la dawa, nikauziwa krimu bila kuulizwa hata swali moja. Mwasho ukatulia, nikanogewa, nikapaka miezi mitatu. Ngozi ikawa nyembamba. Kumbe ni steroidi! Siku hizi nikitoka shambani naoga, nabadili nguo, napaka mafuta ya mgando. Basi. Na kama nyumba nzima inajikuna usiku, huenda si aleji bali upele: nendeni zahanati. Muuza dawa asiyeuliza anatusaidia kweli? Mnasemaje?