Funga macho kwanza, ndio uniambie pleya gani ni kali

Wasee wa muziki wa CD, leo tunakosana. Mtu ananunua pleya ya laki tatu, anaiweka kando ya ile ya zamani pale sebuleni, anaskiza dakika mbili, kisha anatangaza ati mpya "ina roho". Roho gani? Ulikuwa unajua gani inacheza, na risiti iko mfukoni!

Tena hukupima volyumu. Pleya moja ikitoa volti zaidi kidogo, sikio halisemi "hii iko juu", linasema "hii ni tamu". Desibeli moja tu inatosha kukuzuga. Chukua multimita, sawazisha volti kwa waya za spika, halafu dadako abadilishe pleya bila wewe kuona. Mara 16. Ukipatia 12, nitanyamaza. Ukipatia 8, si ni kama umerusha shilingi?

CD ni ileile ya 1982: biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Mwaka 2007, Meyer na Moran kule Marekani walichapisha jaribio la kulinganisha rekodi za kiwango cha juu kuliko CD na hizohizo zikishushwa hadi kiwango cha CD. Mara 554, majibu sahihi 276. Nusu, manze!

Sawa, pleya ikiruka ni mbovu, peleka kwa fundi. Lakini kijana anauliza anunue nini na mshahara wa kwanza, mnamwambia akope? Spika anazo za kulia kama kopo! Akibadilisha hizo, hata shosho yake ataskia tofauti.

Nani analeta pleya zake? Kitambaa cha macho ninacho.