Padri Akiwa Mbali, Nani Atambatiza Mtoto?

Huku kwetu delta ya Rufiji mashua husubiri maji kujaa, na Kibiti ni mbali. Mtoto mchanga akizidiwa usiku, padri atafikaje?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 861, yasema penye dharura mtu yeyote mwenye nia ya kutenda litendalo Kanisa aweza kubatiza: mama, mkunga, hata jirani asiyebatizwa. Mmwagie maji kichwani mara tatu ukisema: “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Maji kidogo ya vuguvugu yatosha, mtoto asipate baridi. Kisha mfunike, na safari ya zahanati isicheleweshwe.

Akipona, habatizwi tena. Mpelekeni parokiani aandikwe na kukamilishiwa ibada zilizobaki.

Na aliyefariki kabla ya maji? Mama, usijilaumu. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261, yamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na kuturuhusu tutumaini wokovu wake. Nasi wanajumuiya tukifika msibani tumfariji mama huyo, tusimhoji.