Kipemba Darasani: Kosa au Kanuni?

Katika shule zilizo jirani na Feri na Kariakoo wamo watoto ambao wazazi wao walivuka bahari kutoka Pemba kuja kufanya biashara. Mtoto wa namna hiyo huandika, "Baba kaja," na mwalimu humtilia alama ya kosa, akidhani kwamba alikusudia "akaja" akasahau kiambishi cha mwanzo. Masahihisho hayo hayana msingi wa kisarufi, na madhara yake si madogo: mtoto hujifunza kuionea haya lugha ya mama yake, na mwishowe hunyamaza darasani.

Katika mpango wa Malcolm Guthrie wa kuainisha lugha za Kibantu, Kiunguja kimo katika fungu la G42 pamoja na Kiamu na Kimvita, ilhali Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi vimo katika G43. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi huo ulikidhi haja ya elimu na utawala. Haukuzihukumu lahaja nyingine kuwa mbovu.

Natuitazame sarufi yenyewe. Katika "akaja", a- ni ya mtendaji na -ka- ni ya mfuatano wa matukio. Katika Kipemba, ka- ndiyo ya mtendaji, na "kaja" maana yake ni "amekuja". Ushahidi umo katika wingi: Mpemba husema "waja", yaani "wamekuja", na ile ka haipo tena. Hata matamshi yana utaratibu: asemaye "gino" kwa "jino" hana kilema cha ulimi.

Kwa hiyo mwalimu asikimbilie kalamu nyekundu. Amwambie mtoto aiweke sentensi katika wingi. Akijibu "wakaja", ameacha kiambishi, na asahihishwe. Akijibu "waja", amefuata kanuni ya kwao. Basi "kaja" na "amekuja" ziandikwe ubaoni sambamba, darasa zima lizilinganishe.

Wapo watakaosema kwamba mtihani hauulizi Kipemba. Ni kweli, na Kiswahili sanifu hatuna budi kukifundisha kikamilifu. Lakini sote tumefundishwa kumwongoza mwanafunzi kutoka kwenye analolijua hadi asilolijua. Tukilifuta lile analolijua, tutaanzia wapi?