Aje Mwenyewe Kushtaki?

Usiku wa tarehe 12 Machi, 2004, wakili Somchai Neelapaijit alitekwa mjini Bangkok, Thailand. Alikuwa akiwatetea washtakiwa Waislamu wa kusini waliodai kuteswa na polisi. Hadi leo hajaonekana.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuachiwa kwa polisi watano walioshtakiwa. Tena iliwakatalia mkewe na watoto wake kuwa walalamikaji, ati haijathibitika kwamba Somchai amekufa au hajiwezi. Yaani aliyetoweka aje mwenyewe kushtaki!

Hukumu ya namna hiyo ni ngao ya mwenye kuficha maiti. Mwaka 2022 Thailand ilitunga sheria dhidi ya kutowesha watu. Ni hatua njema. Lakini dola isiyojibu, "Yuko wapi?", itawezaje kudai imani ya raia?