Shimo la Mungu Liko Jirani

Mtu wa Mtwara akitaja utalii, fikra hukimbilia Serengeti, safari inayomaliza pesa za korosho kabla msimu mwingine haujafika. Ilhali Masasi iko kwenye lami, takriban kilomita 200 tu. Chini ya majabali yake, mwaka 1876, Askofu Edward Steere alifika na watumwa waliokombolewa, wakaanzisha makazi. Na huko Lupaso ndiko alikozikwa Rais Benjamin Mkapa. Kisha panda Newala, usimame ukingoni pa Shimo la Mungu: bonde la Ruvuma lote liko miguuni pako, na ng'ambo ni Msumbiji. Mjerumani Karl Weule alikaa huku mwaka 1906, akarudi na shehena ya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Wapo Wajerumani, nathubutu kusema, wanaoijua Newala kuliko jirani zetu wa pwani. Wapo watakaosema hakuna simba wala hoteli za kifahari. Simba, nakubali, si wa kumtegemea. Lakini nyumba za wageni zipo, na anayelala siku mbili bwawa la kuogelea la nini? Kinachopungua zaidi ni mtu wa kumsimulia mgeni, na hilo halmashauri zinaweza kulianza kwa vijana wachache watakaoketi na wazee wao.