Asiye na leseni ya udalali akamatwe kama mwizi

Bodi ya Leseni za Madalali inaweza kumwonya dalali, kumtoza faini, kumsimamisha kazi au kumfutia leseni kabisa. Lakini yule ambaye hakuwahi kuwa na leseni atafutiwa nini?

Nauliza kwa sababu ya jirani yangu, fundi wa cherehani hapa Mombasa. Alikopa pesa kwa shailoki akachelewa kulipa. Vijana wanne walikuja alfajiri na pikapu, wakabeba cherehani yake, televisheni na mtungi wa gesi. Mmoja alikuwa na kitambulisho shingoni kilichoandikwa kwamba yeye ni dalali. Wakamwachia karatasi, naye akaniletea kwa kuwa anajua nilikuwa karani katika masijala ya kesi za madai.

Karatasi yenyewe ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Juu jina la kampuni, katikati muhuri uliofifia hata hausomeki. Haikuwa na nambari ya kesi wala jina la aliyewatuma. Vitu vyake vitatu vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu, bila thamani ya hata kimoja, na pa kutia sahihi hapakuwepo. Kwa miaka niliyopiga mihuri hati halali za kukamata mali, karatasi ya namna ile isingepita dirishani kwangu.

Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 na kanuni zake za 1997 hazikuacha mwanya hapa. Dalali akipokea hati ya mahakama au barua ya mdai, kwanza anaiingiza kwenye rejista yake. Kisha anaandika orodha ya mali, kila kitu na thamani yake na hali yake, na mwenye mali au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi pale anatia sahihi. Baada ya hapo mdaiwa ana siku 7 za kulipa na kukomboa vitu vyake. Ni siku hizo zikiisha ndipo gari linapokuja. Hata baada ya mali kuchukuliwa, lazima mnada utangazwe gazetini na zipite siku 7 nyingine kabla ya kuuza. Dalali anayehofia kwamba itabidi avunje mlango anatakiwa aombe mahakama amri ya kusindikizwa na polisi.

Tena, hata mahakama ikishatoa hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakinga nguo za lazima, vitanda, vyombo vya kupikia na zana ambazo mtu anafanyia kazi yake. Cherehani ya fundi ni riziki yake. Ukimnyang'anya, hilo deni atalilipa na nini?

Jirani yangu alikwenda kituo cha polisi. Akaambiwa hayo ni mambo ya deni, atafute wakili. Jibu hilo ndilo linalowalisha matapeli hawa. Deni ni jambo la madai, sawa, lakini kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba mali yake bila leseni, bila hati na bila notisi ni jinai. Afisa anayeshindwa kutofautisha mambo haya mawili amemfungulia mhalifu mlango.

Bodi nayo isijifiche nyuma ya polisi. Inao uwezo mkubwa juu ya kundi moja ambalo halisemwi sana: wenye leseni wanaokodisha majina na mihuri yao. Genge halitungi karatasi hewani kila mara. Mara nyingine nyuma yake yupo dalali halali aliyepokea kazi, akaona uvivu kuifuata, akawaachia vijana wa mtaani wamalize. Huyo anajulikana, ana ofisi, na leseni yake ni ya kuhuishwa. Afutiwe, na jina lake litangazwe. Sioni haja ya kumwonya mara mbili.

Na orodha ya wenye leseni ya mwaka ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya chifu na kila kituo cha polisi, kwa Kiswahili. Anayegongewa mlango alfajiri hana muda wa kutafuta gazeti rasmi la serikali.

Nawe msomaji, wakija kwako, usianze kwa kubishania deni. Omba leseni ya mwaka huu, hati ya mahakama au barua ya mdai, na orodha ya mali yenye thamani. Dalali wa kweli anazo, na wala hakasiriki kuulizwa. Wakikosa hata kimoja, ita majirani, piga picha nambari ya gari, nenda kituoni ukaandikishe wizi, si deni, na usiondoke pale bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.